Nilivyomrusha Mama Kabla ya Safari

Mke wangu huwaambia wageni kwamba nimemletea mke mwenza nyumbani. Wageni wakishashtuka, huwaonyesha meza iliyo pembeni mwa sebule, penye kompyuta na usukani mdogo wa plastiki. Hapo wote huangua kicheko, nami hujifanya nasoma gazeti.

Uraibu wangu, msomaji, ni urubani wa kuigiza. Sikusomea urubani wala sina mshahara wa kunipeleka huko. Lakini watoto wakishalala, mimi huwasha injini ya Cessna 172 pale Wilson, nikangoja ifike mwendo wa kilomita 100 hivi kwa saa, nikavuta usukani taratibu, na mtaa wetu wa Umoja ukabaki chini yangu na madeni yake yote.

Kwa miaka mingi sikuweza kumwambukiza mtu mwingine maradhi haya, na kosa lilikuwa langu. Nilianza na mke wangu. Nilimwahidi safari ya Mombasa. Sasa, kutoka Nairobi hadi Mombasa angani ni kilomita 440 hivi, na kwa Cessna ni zaidi ya saa mbili. Mimi nami ni mtu wa kushikilia ukweli, sikutaka kuharakisha hata dakika moja. Alikaa nami hadi tulipopita Athi River, akaenda kupika. Aliporudi akauliza tumefika wapi. Nikamwambia Mtito Andei. Akaenda kuosha vyombo. Nilipotua Mombasa alikuwa amelala fofofo.

Jirani yangu mmoja, mwalimu, nilimkalisha nikamhubiria. Nilimweleza kwamba Wilson iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ya huku ni nyepesi, na kwa hivyo rubani wa ndege ndogo hupunguza mafuta yanayochanganyika na hewa hiyo kabla ya kupaa, la sivyo injini hukosa nguvu. Nilimsimulia habari za Edwin Link, Mmarekani ambaye babake alikuwa na kiwanda cha vinanda, na ambaye mwaka 1929 aliunda mashine ya kufundishia urubani kwa kutumia mivukuto ya vinanda hivyo. Jeshi la Marekani lilinunua mashine hizo mwaka 1934, baada ya marubani wake kadhaa kufa wakisafirisha barua katika hali mbaya ya hewa. Nilipomwambia hatimaye ashike usukani, mwalimu alikumbuka ana madaftari ya kusahihisha.

Basi nikakata tamaa, nikawa rubani mpweke.

Mwaka 2023 dada yangu mdogo, ambaye hufanya kazi Doha, alijifungua kwa upasuaji. Hakuwa na mtu wa kumwoshea mtoto wala kumpikia uji. Tukachanga, tukamkatia Mama tikiti. Mama hakuwa amepanda ndege maishani mwake. Habari za ajali ya Abidjan mwaka 2000 na ya Douala mwaka 2007 alizisikia redioni, na hajazisahau hadi leo. "Mwambieni amlete mtoto," alisema. "Mimi nitamngojea hapa hapa chini." Dada yangu alilia kwenye simu hadi tukakosa la kumwambia.

Mama alikuja kwangu kutoka Kangundo siku nne kabla ya safari, mzigo amefunga, moyo bado. Chakula kilikuwa hakishuki. Usiku wa pili alinikuta kwenye ile meza. Nilitaka kuanza mahubiri yangu, nikajizuia. Nikamuuliza, "Mama, ni nini hasa unachoogopa?"

"Sauti," akajibu. "Mwenzetu wa chama alisema ndege hunguruma sana, halafu ikishaondoka chini hunyamaza. Ikinyamaza huko juu, nani ataisukuma?"

Nikachagua ndege kubwa ya abiria, nikaiweka Uwanja wa Jomo Kenyatta, na badala ya kumwonyesha chumba cha rubani nikamweka dirishani karibu na bawa, atakapoketi. Tukapaa. Kukasikika kishindo chini ya sakafu. "Hayo ni magurudumu yanakunjwa," nikamwambia. Mara mngurumo ukapungua, na Mama akanishika mkono kwa nguvu. "Imezima!"

"Haijazima, Mama. Kupaa kunataka nguvu nyingi. Ikishapata urefu kidogo, rubani huzipunguza, kama dereva aliyemaliza kupanda mlima."

Akataka tuanze upya. Tukarudia mara nne, hadi akawa ndiye anayeniambia, "Sasa magurudumu. Sasa itanyamaza." Mara ya nne alisogeza uso karibu na skrini. "Huo si Kilimambogo?"

Ulikuwa Kilimambogo kweli. Programu hii, ya mwaka 2020, huchora ardhi kwa picha za setilaiti, na ndege zikipaa kuelekea kaskazini mashariki mlima huo huwa mbele yake. Mama akasema kama ni hivyo, nyumbani si mbali. Tukachukua Cessna. Aliushika usukani kama mpini wa jembe, tukayumba angani kama walevi hadi Tala, kisha Kangundo. Tuliliona paa lake, au tulidhani tumeliona. Alichukizwa kuona mwembe wa jirani umesimama pichani, ilhali ulikatwa zamani. Kutua alikataa. Hilo, alisema, ni la rubani mwenyewe.

Sitadai kwamba hofu ilimtoka. Uwanjani aliomba kwa muda mrefu, na mikono ilikuwa baridi. Lakini aliingia. Saa kadhaa baadaye simu ililia kutoka Doha, nikasikia kichanga kikilia kwa nyuma.

"Magurudumu yaligonga kama ulivyosema," Mama akaanza. "Injini ikapunguza sauti kama ulivyosema. Msichana aliyeketi kando yangu alikuwa akitetemeka, nikamwambia tumemaliza mlima. Lakini masikio, mwanangu! Yaliziba hadi nikadhani nimekuwa kiziwi. Mbona kuhusu masikio hukuniambia?"