Laini ya Simu kwa Aendaye Dubai
Tumwagapo ndugu aendaye Dubai kutafuta riziki, pamoja na dua tumuusie juu ya laini ya simu. Katika Falme za Kiarabu, WhatsApp hupeleka maandishi na sauti zilizorekodiwa, lakini kupigiana kwa njia hiyo kumezuiwa. Mama asiyejua hilo hukaa akingoja simu, akadhani mwanawe amemsahau.

Basi aanze na laini ya malipo ya kabla, asifungwe na mkataba wa mwaka ilhali kazi haijathibiti. Achague kifurushi chenye dakika za kupiga nje, au programu iliyoruhusiwa huko. Laini ya nyumbani asiitupe, kwani fedha zake za simu zimo humo. Kuunga udugu ni wajibu, na wajibu huandaliwa kabla ya safari.