Moto Ukitoka Kwangu

Kazi yangu ni kuandika, lakini pesa nyingi ninayoipata hapa Lodwar inatokana na kusoma. Tangu nitoke chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imetushinda nyumbani, watu wananiletea karatasi: barua za ploti, fomu za mkopo, mikataba ya mashirika. Ninasoma, ninawaeleza kwa Kiswahili, na mtu akiwa na maswali mengi kuliko pesa tunamalizana kwa chai. Mwaka huu karatasi zilizonikalia kichwani kuliko zote ni za bima ya biashara.

Za kwanza zilikuwa za shangazi yangu. Ana duka la vifaa vya ujenzi: simiti, nondo, misumari, rangi, mabati. Alikuwa amekubaliwa mkopo wa shilingi 800,000, na benki ikataka duka liwe na bima kabla pesa haijatoka. Wakala akaja na fomu, shangazi akaweka sahihi, baada ya wiki mkataba ukafika, mnene kama kitabu cha zaburi. Akaniita nimsomee sehemu ya maana tu.

"Shangazi, hii yote ni sehemu ya maana."

"Basi anza na pesa."

Pesa kwenye mkataba wa bima inaanza na namba moja: thamani uliyoitangaza ya mali yako. Kwa shangazi iliandikwa 800,000, kwa sababu mkopo ni 800,000. Lakini ukihesabu kila kitu kilichoko dukani na stoo, ni kama milioni 2. Nikamuuliza kama wakala alihesabu. Akasema wakala hakufika stoo, alikunywa soda akaenda.

Sasa, watu wengi wanadhani namba hiyo inamaanisha hivi: chochote kikiungua, nitalipwa mpaka 800,000. Sivyo. Kuna kanuni inayoitwa ya uwiano. Ukiwa na mali ya milioni 2 na umeiwekea bima ya 800,000, kampuni inakuona umelipia asilimia 40 tu, na asilimia 60 iliyobaki umeamua kuibeba mwenyewe. Moto ukila nusu ya stoo, yaani mali ya milioni 1, kampuni inalipa asilimia 40 ya hiyo hasara: 400,000. Hapo inatoa kile kiasi ambacho mkataba unasema mteja lazima akibebe mwenyewe katika kila dai. Halafu kuna mstari mwingine, kwenye ukurasa wa mbele kabisa, unaosema benki ndiyo ya kwanza kulipwa. Kwa hivyo kinachobaki kwenye hizo 400,000 kinaenda benki. Shangazi anabaki na nusu ya stoo, deni la zaidi ya 400,000, na jina lake kwenye mkataba.

Alinyamaza, akapiga hesabu tena kwa simu yake.

"Kwa hivyo mimi ninalipia bima ya benki."

Nikamwambia si uwongo, lakini dawa yake si kuacha bima. Dawa ni kurudi kwa wakala na thamani ya kweli ya bidhaa, ada ipande kidogo, na kitu kinachozidi deni la benki kiwe chake. Pia aweke daftari la bidhaa na risiti mahali pengine, si kwenye droo ya duka lenyewe. Ushahidi wa mali ukiungua pamoja na mali, unabaki na maneno tu, na maneno kampuni inayo mengi kukushinda.

Hapo ndipo niligundua kwa nini wazee wengi wa hapa wanashangaa bima ya duka ikiwa na maswali mengi. Bima ambayo Turkana imeizoea zaidi ni ya mifugo. Mwaka wa 2015 serikali ilianzisha mpango wa bima ya mifugo Turkana na Wajir. Hiyo haikuhitaji mtu aje kuhesabu mizoga. Setilaiti iliangalia malisho kutoka juu, ikapima ukijani wa nyasi, na ukijani ukishuka chini ya kiwango fulani malipo yanatoka, hata kama mbuzi wako wewe bado wako hai. Bima ya duka ni kinyume chake. Hapa hakuna setilaiti. Utaulizwa kilikuwa nini, kilinunuliwa lini, kwa bei gani, na mlango ulikuwa na kufuli ya aina gani.

Na kabla ya setilaiti kulikuwa na marafiki. Philip Gulliver, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyeandika kuhusu Waturkana na majirani zao Wajie kwenye kitabu cha 1955, alieleza kitu ambacho nyanya yangu angekueleza bila kitabu: mwenye mifugo hakai peke yake. Ana watu sehemu mbalimbali, ndugu, wakwe, marafiki, ambao amewapa wanyama nao wamempa. Ukame ukimaliza huku, kule kuna mtu anakumbuka. Ukipatikana na hatia ya kumuumiza mtu, wanyama wa fidia hawatoki kwenye zizi lako peke yake, ndugu wanachanga. Bima ni jambo hilohilo, tofauti ni kwamba marafiki zako ni watu usiowajua, na kinachowakumbusha ni karatasi.

Duka, ukiliangalia kwa jicho hilo, ni mbuzi wote kwenye zizi moja.

Tukaendelea kusoma. Ilipofika sehemu ya yale yasiyolipwa, shangazi akavuta kiti karibu. Mkataba wa moto huwa na moto na radi, na mambo mengine yanaongezwa moja moja, kwa ada ya ziada. Mafuriko ni mfano. Mtu wa Nairobi anaweza kufikiria Lodwar haina haja na mafuriko, ni jangwa. Sisi tunaijua Kawalase. Mvua inanyesha mbali huko juu, hapa jua linawaka, na laga inashuka na maji ya kubeba gari. Kama neno mafuriko halimo kwenye orodha, halimo. Wizi nao una mkataba wake. Fujo za kisiasa pia. Juni 2024, maandamano yalipofika kilele na maduka kadhaa Nairobi yakavunjwa na kuporwa, kuna wenye maduka waliogundua kwamba bima yao ya kawaida haigusi hasara ya namna hiyo. Hiyo inauzwa kando.

Na kuna sharti moja ambalo ni la sheria ya Kenya yenyewe: kampuni haibebi hatari yako mpaka ada iwe imelipwa. "Nitakutumia mwisho wa mwezi" si bima.

Kwenye ukurasa wa jedwali kulikuwa na mstari mfupi: dhima kwa umma, haijajumuishwa.

"Hiyo ni nini?" shangazi akauliza.

Nikajaribu kueleza hivi. Bima ya mali inakuuliza una nini. Bima ya dhima inakuuliza unaweza kumuumiza nani. Shangazi anaegemeza mabati nje ya duka, kando ya njia ambayo watoto wa shule wanapitia. Upepo wa Lodwar unajulikana. Bati likimkata mtoto, hakuna kilichopotea dukani, stoo imejaa vilevile, lakini kuna bili ya hospitali, na pengine kesi, na mwenye duka ndiye anayeangaliwa. Kenya ina sheria nzima kuhusu wajibu wa anayekalia jengo kwa wanaoingia humo.

Ukitaka kuona tofauti ya mambo haya mawili kwa ukubwa wake, kumbuka Januari 2009, duka la Nakumatt Downtown lilipoteketea katikati ya Nairobi. Watu zaidi ya 20 walikufa ndani. Moto ulikuwa mmoja. Lakini hesabu ya bidhaa zilizoungua na hesabu ya watu waliokuwemo ni hesabu mbili, na hii ya pili ndiyo hatuiweki kwenye daftari.

Shangazi akamwangalia kijana anayembebea simiti. "Na huyu?"

Huyu ana sheria yake pia, ya 2007, ya mafao ya majeraha kazini. Inamtaka mwajiri awawekee bima watu wake. Mfanyakazi akifa kazini au akilemaa kabisa, fidia inahesabiwa kwa mshahara wa miezi 96. Piga hesabu ya mtu unayemlipa 10,000 kwa mwezi: ni 960,000. Inazidi mkopo. Na usiseme hana barua ya kazi. Makubaliano ya mdomo ni mkataba pia.

"Hata hajui," shangazi akasema polepole.

Hajui. Na mara nyingi hakuna wa kumwambia, kwa sababu anayejua ndiye anayelipa.

Habari kwamba kuna mtu anasoma makaratasi ya bima ilisafiri mpaka Kakuma, mwendo wa kama kilomita 120 kwa barabara, na ikarudi na mteja. Ni mzee kutoka Bukavu, ana duka la vifaa vya umeme kwenye soko la kambini. Nikapanda matatu nikamfuata.

Mtu asiyefika Kakuma anafikiria mahema na foleni za chakula. Kambi imekuwepo tangu 1992. Utafiti uliotolewa na shirika la IFC mwaka wa 2018 ulihesabu zaidi ya biashara 2,000 huko. Kuna wauzaji wa jumla, saluni, hoteli za Wahabeshi zenye kahawa ya maana, mafundi wa simu. Maduka yamebanana, bati kwa bati, mbao kwa mbao, plastiki kwa plastiki.

Mzee ana jenereta. Jioni haiwashi duka lake tu. Waya zinatoka kwake zinapita juu ya paa, zinaingia kwa jirani, kwa jirani wa jirani, mpaka mwisho wa safu. Kila mmoja anamlipa. Nilidhani ameniita kuhusu mali yake, kwa hivyo nikaanza na stoo, thamani, risiti. Akanikatiza kwa kile Kiswahili chao cha Kivu.

"Yangu ikiungua, nitalia, nitaanza tena. Nilishaanza tena. Lakini moto ikitoka kwangu ikienda kwa bengine, njo nani atalipa?"

Tulimpigia wakala mmoja Lodwar, nikaweka simu ijibu kwa sauti. Akauliza ukuta ni wa nini. Bati. Jirani yuko umbali gani. Hakuna umbali. Ploti ni ya nani. Hapo mzee akacheka kidogo, hana ploti, ni mkimbizi. Mimi najua kwamba kukosa ploti si mwisho. Huwezi kuwekea bima jengo lisilokuhusu, lakini bidhaa ulizonunua kwa pesa yako zinakuhusu. Wakala alikubali hilo. Kwa bidhaa angeuliza ofisini, ada ingekuwa juu. Kuhusu waya alisema kuuza umeme ni biashara nyingine, ina leseni yake, na kampuni haibebi shughuli ambayo haijatangazwa. Hakuwa mkorofi. Alikuwa anasema ukweli wa kazi yake. Lakini jibu la swali la mzee lilikuwa hakuna. Hakuna atakayelipa.

Nilifikiria sana hilo kwenye gari nikirudi. Huyu ni mtu aliyeuliza swali ambalo sijasikia mwenye duka mwingine akiliuliza bila kulazimishwa na benki. Aliangalia waya zake akaona watoto wa wengine mwisho wake. Na ndiye ambaye karatasi haina nafasi yake.

Wiki tatu baadaye aliniita tena. Safu nzima ilikuwa imekaa: Wakongo, Wasomali, Wasudani Kusini, na mama mmoja Mturkana anayeuza mkaa na nyama ya mbuzi pale mwisho. Walikuwa wamekubaliana mambo mawili. Kwanza, sehemu ya pesa ya umeme ya kila mwezi ilipie waya bora na fundi wa kuzikagua, na mapipa ya mchanga yawekwe kila maduka matano. Pili, kila duka lichange kidogo kwa mfuko wa moto. Nikawaambia wazi: hii ni chama, si bima. Hakuna mamlaka nyuma yake, na moto ukila safu yote siku moja mfuko hautatosha, kwa sababu nyote mmo kwenye zizi moja. Bima ina nguvu kwa sababu mchango wa Mombasa unaweza kulipa moto wa Kakuma. Mama Mturkana akasema basi watafute safu nyingine, upande wa Kalobeyei, wachange pamoja, kama watu walivyokuwa wakigawana mbuzi. Hakuna aliyecheka.

Kazi yangu ilikuwa kuandika sheria za mfuko. Kwa mara ya kwanza sikuwa nikisoma karatasi ya wengine, nilikuwa naitengeneza, na kila sentensi ilikuwa ngumu. Moto ni nini? Je, moshi ukiharibu nguo ni moto? Thamani nani atasema? Tulibishana mpaka giza likaingia na jenereta ikawashwa.

Tulikwama kwenye moja: mtu akisababisha moto kwa uzembe wake, mfuko unalipa au haulipi? Wengine walisema haulipi, iwe funzo. Mzee wa Bukavu akasema aliyezembea asilipwe yake, lakini jirani aliyeunguzwa alipwe yote. Mama wa mkaa akauliza kama huyo jirani ana kosa gani. Hakuna aliyejibu, kwa hivyo nikaiandika hivyo, kama kifungu cha nne, na wote wakaweka vidole.