Ukuta Mpya Haupokei Amri

Katika kambi zetu za jeshi na polisi iko desturi ijulikanayo na wengi: mkubwa akitazamiwa kufika, mawe ya kando ya njia hupakwa chokaa jioni, na asubuhi kila kitu kinang'aa. Kwa mawe, haraka hiyo haina madhara. Lakini nyumba ya kuishi si gwaride, na ukuta mpya haupokei amri.

Nayasema haya kwa kuwa nilipata kazi ya kupaka rangi kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nyumba yenyewe ni ya mama yetu. Mdogo wangu, ambaye ni askari, aliijenga kwa akiba ya kazi yake ya kulinda amani nchini Somalia. Mimi nilikuwa msimamizi tu. Alikuja likizo wakati lipu ilipokuwa na majuma mawili, naye alitaka kumwingiza Mama katika nyumba iliyokamilika kabla ya kurudi kikosini.

Nilikuwa nimekwisha kuuliza mafundi wazee. Lipu ya saruji hutaka kumwagiwa maji kwa siku 7 hivi za kwanza ili ishike vizuri. Baadaye iachwe ikauke, jumla isipungue majuma 4, na zaidi katika majira ya mvua. Unyevu ukifungiwa ndani hutafuta njia ya kutoka, ukaifanya rangi iote malengelenge na kubanduka. Tena saruji changa ina ukali kama wa maji ya majivu. Akina mama waliowahi kupika sabuni wanajua kwamba ukali huo ukikutana na mafuta hugeuka sabuni. Ndivyo rangi ya mafuta inavyoharibika juu ya lipu mbichi: hulainika na kunata.

Mdogo wangu hakuridhika. "Kaka," alisema, "nimebakiwa na siku 10. Ukuta huu ukiugusa ni mkavu. Wataka niondoke kabla Mama hajaingia?"

Swali lile lilinichoma, maana askari hajui likizo ijayo itakuwa lini. Sikubishana naye. Nilikata kipande cha nailoni, tukakibandika ukutani kwa utepe pande zote nne, tukakiacha hadi kesho yake. Asubuhi tulikuta matone ya maji upande wa ndani. Aliyatazama kwa muda, kisha akasema, "Basi nipe milango."

Milango ilikuwa ya msonobari, mbao tupu. Tuliipiga msasa kwa kufuata nyuzi za mbao, tukafuta vumbi lote. Vifundo tulivipaka shelaki, kwa sababu utomvu wake hupenya na kuacha madoa ya manjano juu ya rangi. Ilifuata praima ya mbao, kisha puti katika matundu ya misumari, msasa mwepesi, rangi ya chini, na mwisho rangi ya mafuta yenye kung'aa. Kila mkono wa rangi tuliuacha ukauke usiku mzima. Ncha za juu na za chini za mlango tulizipaka pia, ingawa hakuna azionaye, kwa kuwa ndiko maji yanakopenya mbao zikavimba. Siku ya 9 Mama alihamia katika nyumba yenye kuta za kijivu na milango ya kijani, na mwanawe ndiye aliyemfungulia.

Kuta nilizipaka peke yangu katika juma la 8, baada ya nailoni kukaa usiku kucha bila tone. Chumvi nyeupe iliyokuwa imejitokeza niliisugua kwa brashi kavu, kwani ukiiosha kwa maji inaingia tena ukutani. Mkono wa kwanza wa rangi ya maji niliuongeza maji kama kopo lilivyoelekeza, ili lipu yenye kiu iunywe na kuushika. Mikono miwili iliyofuata ilikuwa mizito.

Kadirio nalo si gumu. Chumba cha mita 4 kwa 3, chenye kimo cha mita 2.7, kina kuta za mita za mraba 37.8, ukitoa mlango na dirisha hubaki 34 na nusu hivi. Lita moja ikienea mita 10 za mraba, mkono mmoja hutaka lita 3 na nusu.

Neno moja kwa wenye watoto. Baadhi ya rangi huwa na madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi chake katika damu kinachojulikana kuwa salama. Tafuteni kopo lililoandikwa kwamba halina risasi, au kwamba haizidi sehemu 90 kwa milioni.

Kwa askari ajengaye akiwa mbali, nashauri hivi: lipu ipigwe miezi miwili kabla ya likizo, si juma la kuwasili. Na kama likizo imekukuta kuta zingali mbichi, usiwalazimishe jamaa zako kupaka. Shika kazi ya mbao, ambayo iko tayari kwa mikono yako, na kuta uwaachie watakaobaki nyumbani.