Maendelezo ya Maneno

Lugha yetu ina kitenzi chake cha kutaja herufi za neno moja baada ya moja, nacho ni kuendeleza. Mwalimu humwambia mwanafunzi, "Hebu liendeleze neno hilo," na mwanafunzi husimama akalitaja herufi kwa herufi mpaka mwisho. Baadaye wataalamu walituletea neno tahajia, lenye asili ya Kiarabu, na huko vyuo vikuu likaongezwa othografia. Lakini sisi tuliosoma shule ya msingi kati ya miaka ya 1970 na ya 1980 tulikuwa tukiendeleza tu. Neno hili twalipenda, kwa kuwa kuendeleza ni pia kulichukua jambo kutoka kwa aliyetangulia na kulisogeza mbele. Basi yatupasa tuulize ni nani waliotangulia kuyaendeleza maneno yetu, na sisi tuliyapokeaje.

Wako watu wengi, na baadhi yao ni walimu, ambao hudhani kwamba Kiswahili kilianza kuandikwa siku walipofika wamisionari. Dhana hii haina msingi. Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728, zaidi ya miaka 100 kabla ya Ludwig Krapf kutia mguu Mombasa mwaka 1844. Uliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na kwa herufi hizo hizo wazee wetu wa pwani waliandikiana barua, wakaweka hesabu za biashara, wakaandika wasia na mashairi ya kujibizana.

Lakini tusiyasifu maandishi hayo kupita kiasi. Herufi za Kiarabu zilifumwa kwa ajili ya lugha nyingine, na Kiswahili kilipozivaa, mahali pengine zilikibana na pengine zikapwaya. Herufi moja ya fa ilibeba f na v, hata kufua nguo na kuvua samaki vikaandikwa sawasawa. Herufi ya be ilichukua b, p na mb. Shini ilichukua sh na ch. Ghaini ikatwishwa gh, g, ng na ng' kwa pamoja. Irabu zilikuwa tatu tu, hivyo e ikajificha ndani ya i, na o ndani ya u. Msomaji alilazimika kuijua lugha kwanza ndipo aweze kuisoma. Kwa watunzi wa tenzi shida hiyo haikuwa kubwa kama mtu adhaniavyo. Utenzi ulisomwa kwa sauti mbele ya watu, na kina cha mwisho wa ubeti kilimwambia msomaji kama irabu iliyo mbele yake ni u au ni o. Kina kilifanya kazi ya mwalimu. Shida ilikuwa katika barua ya mtu usiyemjua, inayotaja kijiji usichopata kukisikia.

Wenyewe waliiona kasoro hiyo wala hawakungoja mgeni awaambie. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, alishughulika na alama za kutenganisha sauti ambazo Kiarabu hakizijui. Baada yake Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930, aliutetea uandishi wa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu zilizorekebishwa. Kazi yao ilikuwa ya maana, ila wakati ulikuwa umekwisha kuwapita, maana shule, mitambo ya kupigia chapa na ofisi za serikali zilikuwa tayari mikononi mwa herufi nyingine.

Herufi hizo za Kirumi nazo hazikuingia zikiwa na sura moja. Kila mgeni aliandika kwa sikio la kwao. Krapf alikiita Kisuaheli, na kamusi yake ilitoka mwaka 1882. Wajerumani katika ramani zao waliandika Bagamojo, Muansa na Kilimandscharo. Askofu Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 na kuchapa kitabu chake cha sarufi mwaka 1870, ndiye aliyefuata njia iliyokuja kushinda: irabu zisomwe kama za Kiitalia, konsonanti kwa jumla kama za Kiingereza. Tukiandika leo ch, sh na j, twaufuata mkono wa Steere. Na tukizisoma a, e, i, o, u pasipo kubahatisha, ni heri kwetu kwamba hakuzitoa irabu nazo katika Kiingereza.

Liko jambo moja ambalo twapenda wanafunzi walijue. Mwaka 1892, huko Berlin, C. G. Büttner alichapa kitabu cha barua na hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ili Wajerumani waliojifunza lugha hii waweze kuzisoma. Yaani mtawala alianza kwa kujifunza maandishi yetu. Haukupita muda mrefu mambo yakageuka, ikawa mwenye kutaka ukarani au ualimu sharti ajifunze maandishi ya mtawala.

Mwaka 1928 ulifanyika mkutano Mombasa, nao ukachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi nne, Kenya, Tanganyika, Uganda na Unguja, na mojawapo ya kazi zake ilikuwa kuyapatanisha maendelezo. Kupatana huko kulikuwa na faida isiyokanika. Mtoto wa Bukoba na mtoto wa Lamu waliweza kufungua kitabu kimoja. Walakini kila mapatano yana aliyeacha kitu mezani. Mtu wa Mombasa hutofautisha paa la nyumba na paa wa mwituni, kwani huyu wa mwituni hutamkwa kwa mpumuo. Vivyo hivyo kaa la moto na kaa wa pwani. Katika maendelezo sanifu mpumuo huo haukupewa alama. Sauti ya kh nayo ilitolewa katika maneno mengi: khabari, kama ilivyoandikwa katika kitabu cha Carl Velten cha mwaka 1903 juu ya desturi za Waswahili, ikawa habari, na kheri ikawa heri. Lakini dh, th na gh zilibaki, ingawa nazo ni nzito kwa wasemaji wengi wa bara. Kwa nini hizi zikabaki na ile ikaondoka? Sababu zinaweza kutolewa, kwani bila th hatuwezi kutenganisha thamani na samani, wala bila dh dhana na zana. Hata hivyo mtu wa Mombasa atauliza kama paa wawili hawakustahili heshima hiyo hiyo, nasi hatuna jibu la kumridhisha.

Yote haya tuliyajua ukubwani. Udogoni tuliyaona tu, katika nyumba ya bibi yetu mzaa mama, kwenye pwani ya kusini. Bibi alifundishwa na baba yake kusoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu. Alikuwa na kisanduku cha barua alizoandikiana na kaka yake aliyekaa Unguja, na jirani aliyetaka kuandika neno la siri kwa jamaa yake wa mbali alikuja kwake jioni, si kwa karani wa tarafa. Serikali ilipoanzisha kisomo cha watu wazima, kampeni iliyofikia majaribio ya kwanza ya taifa zima mwaka 1975, watu walipita nyumba hadi nyumba kuorodhesha wasiojua kusoma. Bibi aliulizwa kama anajua. Akajibu kwamba anajua. Akapewa kitabu, akakigeuza kutafuta kinaanzia wapi, nao wakaandika kwamba hajui.

Twasema hivi bila kuidharau kampeni ile. Ilikuwa miongoni mwa kazi kubwa zilizofanywa na taifa hili, na mamilioni waliofungua macho kwayo hawahitaji sisi tuwasemee. Lakini kazi ile iliitwa kufuta ujinga, na neno lile lilimwingia bibi kama mwiba. Wapwani humwambia mtu asiyejua kitu kwamba hajui alifu wala bee. Yeye aliijua alifu na aliijua bee. Alichokosa ni a na be.

Hata hivyo alikwenda darasani, sisi tukimbebea taa ya chemli. Hakuchukua muda mrefu akawa anawasaidia wenzake. Siku moja tulimwuliza maandishi yapi ni bora. Alifikiri kidogo, kisha akasema, "Haya yenu irabu zimepewa viti. Yetu zilikuwa zikibebwa mabegani mwa wenzao." Tangu hapo tumesoma maelezo mengi ya kitaalamu juu ya tofauti ya maandishi hayo mawili, na hatujaona yaliyo mafupi na sahihi kuliko hayo.

Shuleni tulianza kwa ubao wa silabi: a e i o u, ba be bi bo bu, mpaka mwisho wa ubao, kwa wimbo, mikono nyuma. Njia hiyo inawafaa watoto wetu kwa sababu Kiswahili hutembea kwa silabi zilizo wazi. Aliyezishika silabi zake huweza kusoma neno asilopata kuliona. Baada ya silabi ilikuja imla. Mwalimu alisoma, sisi tukaandika, na katika darasa moja tulilopitia kila kosa lilikuwa na fimbo yake. Wenzetu waliotoka nyumba zisizotenganisha r na l walichapwa kwa kuandika kula mahali pa kura, bila mtu yeyote kuwasikilizisha tofauti ya sauti hizo. Waliadhibiwa kwa kuwa na mama waliokuwa nao. Katika darasa lililofuata tulipata mwalimu mwingine. Yeye alitugeuza tukatazamana wawili wawili, akatuamuru tutamke dhana, kisha zana, na kila mmoja amtazame mwenzake ulimi uko wapi. Tulicheka sana siku ile. Lakini aliyeuona ulimi wa mwenzake kati ya meno hakuikosea dh tena. Imla isiyotanguliwa na sikio, kwa maoni yetu, ni mtihani wa jambo lisilofundishwa. Twaona mtaala wa Darasa la I na la II wa mwaka 2015, uliokazia Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, ulielekea upande huo ulipotilia mkazo sauti za herufi kabla ya majina yake.

Tulipoajiriwa katika utumishi wa serikali tulidhani imla imekwisha. Tuliikuta masijala, na huko kosa la herufi moja lina uzito kuliko fimbo. Hatuzungumzii mabishano ya kwa hiyo na kwahiyo, wala ya maalum na maalumu, ingawa tumewaona watu wazima wakikosana kwa ajili ya u moja ya mwisho. (Nao wanaotaka maalumu hawajatuambia kwa nini wakubali rais na si raisi.) Twazungumzia majina ya watu. Mzee mmoja alikuwa Khalfani kwa wazazi wake, Halfani katika cheti cha shule na Khalfan katika barua ya ajira. Alipofariki, mjane wake alifika na hati tatu za watu watatu. Alizungushwa karibu mwaka mzima kwa mirathi iliyokuwa haki yake, akitafuta hati ya kiapo ya kuthibitisha kwamba wanaume hao watatu ni mume wake mmoja. Mwalimu aliyeandika Halfani hakufanya hila. Alifundishwa kwamba kh imekuwa h, akaliona jina la mtoto kuwa neno kama habari. Ndiyo sababu huwa twawaomba walimu wanaofungua daftari la mahudhurio wamwulize mzazi jinsi jina la mtoto linavyoandikwa, kabla ya kumwendelezea.

Barua za kisanduku kile zilibaki baada ya bibi kuondoka. Katika nyumba yetu hakubaki mtu wa kuzisoma kwa wepesi, nasi tunazichambua polepole, tukikwama kwenye fa isiyotuambia kama ni f au v. Nchi nzima ina kisanduku cha namna hiyo. Orodha aliyoichapa J. W. T. Allen mwaka 1970 ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu iliyokusanywa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni kitabu kizima, na mengi ya yaliyotajwa humo yanamngoja mtu ajuaye herufi zile. Sekondari za pwani zina wanafunzi waliopitia madrasa na kuzijua. Wakionyeshwa namna zilivyobebeshwa Kiswahili, baada ya muda si mrefu wangeweza kusoma utenzi wa babu zao.

Vijana hao hao wana maendelezo mengine ambayo hayamo katika mtaala wowote. Katika simu zao sasa huwa xaxa, na sijui huwa cjui. Alfabeti sanifu haikuipa c kazi ya peke yake, wala haikuitaka x. Wao wameziokota herufi hizo zilizotupwa, na c wakaifanya silabi nzima. Walimu wengi huona uharibifu mtupu, nasi katika barua ya kazi hatungeupokea. Lakini tulipowauliza wanafunzi wawili wa kidato cha pili msomaji atajuaje kama c ni si au ni ch iliyokatwa, walitutazama kwa mshangao, wakajibu kwamba anayekijua Kiswahili atajua tu. Bibi naye alitujibu vivyo hivyo tulipomwuliza habari ya fa.