Kulwa na Doto Walale Wapi?

Katika Usukuma mtu aliyejaliwa mapacha haulizwi watoto wataitwa nani. Atanguliaye kutoka ndiye Kulwa, amfuataye ndiye Doto, wawe wa kiume au wa kike, na majina hayo yako tayari kabla baba hajaanza kufikiri. Lakini liko swali la pili ambalo hatukumsikia mtu akiliuliza, wala sisi wenyewe hatukuliuliza mpaka tulipokuwa karibu ya kumzika mmoja: Je, watoto hao walale wapi?

Wetu walizaliwa hapa Shinyanga mwezi wa Juni, wakati wa kipupwe, pamba inapochumwa na upepo wa usiku unapopenya hata chini ya mlango. Walitangulia siku zao kwa majuma manne, kama wafanyavyo mapacha wengi. Kulwa alikuwa na gramu 2,100, Doto gramu 1,700 tu. Waganga humhesabu kila mtoto azaliwaye chini ya gramu 2,500 kuwa mwenye uzito mdogo, naye yapasa aangaliwe kwa hadhari, maana joto humtoka upesi, na pumzi yake haijazoea kazi.

Kule hospitali wauguzi waliwafunga watoto kifuani mwa mama yao, ngozi kwa ngozi, mfano wa kangaruu, yule mnyama wa Australia amchukuaye mwanawe mfukoni. Desturi hii ilianza Bogotá, nchi ya Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa shauri la Dk. Edgar Rey Sanabria, ambaye hospitali yake ilikuwa na watoto wengi na vyombo vichache vya kuwatia joto. Tena mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika nchi tano, na Muhimbili yetu ya Dar es Salaam ilikuwamo. Katika watoto waliozaliwa na uzito wa kati ya gramu 1,000 na 1,799, wale waliowekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa walikufa 12 katika kila 100 kabla ya kutimiza siku 28. Wale waliongojea kwanza hali zao zitulie walikufa karibu 16. Doto wetu alikuwa katika kipimo hicho hicho. Basi muuguzi aliposema kwamba kifua cha mama mmoja hakitoshi mchana kutwa kwa watoto wawili, na kwamba baba naye avue shati, tulivua. Wakwe zetu waliokuja kutazama walicheka mpaka wakashika kuta. Twakiri kwamba tuliona haya siku mbili, na siku ya tatu tukasahau.

Tuliporudi nyumbani tulimkuta mama yetu, bibi wa watoto, amefika kutoka upande wa Geita, karibu na Nyarugusu. Hakuja mikono mitupu. Alikuwa ameshona mto mpana, ameujaza pamba mpya iliyochambuliwa kwa mkono, laini kama wingu, akasema, “Mwanangu, wajukuu zangu hawatalala juu ya mbavu za kitanda.” Nasi tulifurahi. Watoto waliwekwa juu ya mto ule kati ya mama yao na ukuta, wamelala ubavu, uso kwa uso, wamefunikwa kitenge kimoja. Kila aliyeingia alisema, “Tazama wanavyopendana.”

Usiku wa tisa, karibu na jogoo wa kwanza, Kulwa alilia. Mwenzetu aliamka kwa shida, maana tangu jua kuchwa alikuwa amenyonyesha mara nane. Alipomwinua Kulwa akaona ya kwamba Doto hasemi neno. Alikuwa amepinduka kutoka ubavuni, uso umezama katika pamba, na pindo la kitenge limemzunguka kichwani. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi. Tulimnyanyua, tukamsugua mgongo, tukamwita jina kana kwamba yuko mbali shambani. Ndipo akavuta pumzi, akalia kilio chembamba. Alfajiri tulikuwa hospitali. Muuguzi, alipokwisha kumpima na kuona yu salama, hakutukemea. Aliuliza neno moja tu: “Wanalala wapi?”

Sasa na tuseme lililotuuma kuliko yote. Sisi ni walimu. Kila mwaka twachora ubaoni njia mbili za kooni, ya pumzi na ya chakula, na watoto wa shule huzinakili kwa kalamu za rangi. Mtoto alalapo chali, njia ya pumzi iko juu na ya chakula iko chini yake. Maziwa yakimrudi, huangukia katika njia ya chakula, naye huyameza tena. Alalapo kifudifudi, njia ya pumzi ndiyo iliyo chini, na maziwa yatakwenda pale pale yasipotakiwa. Sisi tuliijua picha hii tangu chuoni, lakini nyumbani tuliwalaza watoto ubavu kwa kuogopa wasipaliwe, kama kila mtu aogopavyo. Hatukuwahi kuipeleka picha ya ubaoni mpaka kitandani.

Wala si sisi peke yetu tuliokosa. Kwa miaka mingi waganga wa Ulaya na Marekani waliwafundisha mama wawalaze watoto kifudifudi, na watoto wengi wakakutwa wamekufa vitandani pasipo ugonjwa ujulikanao. Walipochunguza wakaona ya kwamba hatari ilikuwa katika ulalaji wenyewe. Uingereza ikatangaza mwaka 1991 kwamba kila mtoto alazwe chali, na kwa miaka michache vifo vile vikapungua kupita nusu. Kulala ubavu nako hakufai, kwa sababu mtoto mchanga hana nguvu ya kukaa hivyo. Huanguka, na mara nyingine huangukia upande mbaya, kama Doto alivyofanya. Kitu laini kikimzunguka uso, huivuta tena hewa ile ile aliyokwisha kuitoa, mpaka inakuwa haina uzima ndani yake. Na kwa mapacha hatari huzidi: ni wadogo, wamezaliwa mapema, na kila mmoja ni mzigo kwa mwenzake, kwa mkono wake na kwa nguo yake. Kwa hiyo chama cha waganga wa watoto cha Marekani, katika mashauri yake ya mwaka 2022, kinataka kila pacha awe na malazi yake peke yake, katika chumba kile kile cha wazazi, karibu na kitanda chao, angalau miezi sita ya kwanza.

Lakini kujua ni jambo moja, na kumwambia mama aliyekuzaa ni jambo jingine. Tulikaa naye chini ya mwembe, tukamwamkia kwa adabu, tukaanza kwa mbali. Alisikiliza, kisha akasema, “Wamekaa tumboni pamoja, nanyi mwataka kuwatenga? Mmoja akimkosa mwenziwe atamfuata.” Tukanyamaza. Neno la mapacha ni zito kwetu. Zamani palikuwa na ngoma na sherehe zao, na mzazi wa mapacha hakuwa mtu wa kawaida tena. Hatukutaka kulikanyaga.

Ndipo tukamwuliza, “Mayu, sisi ulitulaza juu ya nini?” Akacheka. “Juu ya ngozi ya ng'ombe, juu ya kitanda cha miti. Pamba yote ilikuwa ya kuuza. Nani angeitia katika mto?” Naye mwenyewe akanyamaza kidogo, akautazama ule mto uliokuwa umeanikwa juani. Maana ngozi kavu iliyowambwa ni ngumu na tambarare; uso wa mtoto hauzami ndani yake. Ulaini ule tuliouona kuwa mapenzi ulikuja na fedha: godoro la sponji, mto, blanketi la manyoya kutoka dukani Kahama. Muuguzi alikuwa akituagiza turudi karibu na ngozi ya ng'ombe. Tangu saa hiyo bibi ndiye aliyekuwa mkali kuliko sisi, akamfukuza jirani aliyeleta mto mwingine.

Fundi seremala alitutengenezea masanduku mawili ya mbao, marefu kuliko watoto kwa dhiraa moja, ubavu wake wa fito zilizokaribiana ili hewa ipite na kichwa kisipenye. Sakafu ya kila sanduku ni ubao, na juu yake blanketi moja lililokunjwa na kukazwa kwa shuka, basi. Hapana mto, hapana kitambaa cha kuning'inia, hapana mwanasesere. Wakati wa baridi tuliwavika nguo mbili na soksi mahali pa kuwarundikia matandiko, tena tukawapapasa kifua: kikiwa na jasho, wamezidishiwa. Jiko la mkaa hatukuliingiza ndani kamwe, ingawa usiku wa Julai ulitushawishi sana; hewa ya mkaa katika chumba kilichofungwa haina harufu wala rangi, nayo huua nyumba nzima. Masanduku tukayaweka yamegusana, sambamba na kitanda cha mama yao, ili Kulwa amsikie Doto na Doto amsikie Kulwa. Kwa namna hiyo neno la bibi halikuvunjwa. Na kwa kuwa huku kwetu mbu hawana likizo, tulinunua chandarua kipana kilichofunika kitanda na masanduku pamoja, tukakichomeka pande zote ili kisiwaangukie usoni.

Kwa asiye na fedha ya seremala, twasema kwamba Wamaori wa New Zealand waliokuwa wakipoteza watoto wengi kwa njia hii hawakungojea vitanda vya madukani. Walisuka kwa majani ya mmea wa kwao kapu la chini, lenye kitako tambarare, waliitalo wahakura, mtoto akalala ndani yake kando ya mama yake bila kulaliwa. Mikono ya kusuka iko Usukuma pia. Na mama ambaye hana hata kapu, akalala na watoto kitanda kimoja kama wengi wetu tulivyolala, aondoe mito na mablanketi mazito, asiwaweke karibu na ukuta wala kati yake na baba, na baba aliyekunywa pombe au avutaye sigara alale kwingine. Kochi ni baya kupita kitanda. Mtu aliyechoka asiketi juu yake na mtoto usiku.

Uchovu ndio adui tusiyemtaja. Sheria yetu ya kazi ya mwaka 2004 humpa mama likizo ya siku 84, naye aliyezaa zaidi ya mtoto mmoja siku 100. Baba hupewa siku tatu. Siku tatu zilipokwisha tulirudi ubaoni, lakini usiku hauna mwajiri. Tuligawana: mpaka saa saba sisi ndio tuliokesha, tukimletea mwenzetu mtoto wa kunyonya na kumrudisha sandukuni; na mmoja akiamka, tulimwamsha wa pili anyonye papo hapo, ili mama apate saa mbili za usingizi mfululizo. Mchana Doto alirudi kifuani, kwetu au kwa mama yake, amefungwa kwa kanga barabara, kichwa kimegeuzwa upande, pua wazi, aliyembeba ameegemea, na mtu mwingine yu macho. Wanafunzi walikuta shati letu lina alama za maziwa, nao hawakusema kitu mbele yetu.

Watoto walipofikia miezi mitano, bibi aliyekuwa amerudi kwake alituita tuwapeleke Nyarugusu. Tulimwuliza swali la muuguzi: watalala wapi? Jibu lake lilitupa hofu mpya. Mdogo wetu ni mchimbaji, naye kwa kuogopa wezi alikuwa akichoma dhahabu yake usiku, katika chumba kile kile cha wageni. Mchimbaji huchanganya unga wa mawe na zebaki, zebaki ikashikana na dhahabu. Kisha huchoma donge lile juu ya mkaa, zebaki ikatoka kwa mvuke, dhahabu ikabaki. Mvuke ule hauonekani, nao hushika ukutani, katika matandiko na katika nguo za kazi, na ubongo wa mtoto mchanga ndio unaoharibika upesi kuliko wa mwingine yeyote. Wajapani wa Minamata waliyaona madhara ya zebaki tangu miaka ya 1950, mataifa yakafanya mkataba kwa jina la mji huo mwaka 2013, na Tanzania iliuthibitisha mwaka 2020. Lakini mkataba hauingii chumbani kwa mtu usiku.

Tulimwandikia mdogo wetu. Alikawia kujibu majuma mawili, tukadhani amekasirika. Kisha akaleta habari kwamba amehamisha kazi ile mbali na nyumba, ng'ambo ya korongo, ambako upepo hauelekei uani, na kwamba nguo zake za machimbo huzivua kabla ya kufika mlangoni. Chumba kile hatukukitumia hata hivyo. Tulilala kwa bibi, masanduku mawili yamefungwa juu ya basi pamoja na magunia ya watu, kondakta akiuliza kama tumebeba kuku.

Kulwa na Doto sasa wanatembea, na Doto ndiye aliyetangulia. Masanduku yako Kahama kwa mwalimu mwenzetu aliyepata mapacha mwezi wa Machi. Ule mto wa pamba bibi aliufumua, akashona mito miwili midogo ya viti, nasi huikalia tunaposahihisha madaftari.