Mkalimani wa Homa

Mwaka 1898 Robert Koch, bingwa wa Kijerumani aliyekwisha kujipatia sifa kwa kuvumbua vijidudu vya kifua kikuu, aliandika jambo alilolipata kwa watu wa milima ya Usambara. Watu hao walimweleza kwamba wateremkapo tambarare huumwa na wadudu waitwao mbu, kisha hurudi kwao na maradhi, na maradhi hayo nayo wakayaita mbu. Mdudu na homa vilibeba jina moja. Mwaka mmoja nyuma, tarehe 20 Agosti 1897, Ronald Ross alikuwa ameona kwa darubini yake, huko Secunderabad katika India, kimelea cha malaria tumboni mwa mbu. Na siku zilezile akatunga beti za kushukuru, akampelekea mkewe. Maana Ross, na hili wengi hawalijui, alijihesabu kuwa mshairi pia. Tuzo ya Nobel aliyotunukiwa mwaka 1902 ilikuwa ya tiba, wala hapana aliyeona kwamba fasihi imedhulumiwa. Lakini wakulima wa Usambara hawakuwa na haja ya darubini ili wapate neno lao. Walilitia wazo lote katika silabi mbili, na wazo lenyewe lilikuwa sahihi.

Tofauti na hilo, neno malaria, ambalo leo liko midomoni mwa kila mtu, limehifadhi kosa. Ni la Kiitaliano, na maana yake ni hewa mbaya. Homa yenyewe ilikuja na Waarabu. Kwa hivyo mtu anayefanya kazi ya kushauri watu juu ya maradhi yaenezwayo na wadudu hukuta, kabla hajafungua sanduku lake la vipimo, kwamba ameingia katika shughuli ya maneno. Na pengine hapana mahali Afrika Mashariki ambapo shughuli hiyo ni nzito kuliko Karatu na Ngorongoro.

Barabara itokayo Arusha hupita Mto wa Mbu, mji uliokaa chini ya ukingo wa Bonde la Ufa karibu na Ziwa Manyara, ambao jina lake halihitaji mfasiri. Hapo barabara huupanda ukingo hadi Karatu, kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kisha huendelea kupanda katika msitu wenye ukungu hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, mita 2,300 na ushei, ambako msafiri wa pwani huuliza koti. Lakini aliye Karatu akielekea kusini magharibi huteremka mpaka Mang'ola, kandokando ya Ziwa Eyasi, na hapo yuko mita 1,000 tu hivi. Jua ni kali, na maji ya chemchemi yanapitishwa katika mifereji kumwagilia vitunguu. Ni wilaya moja, lakini kwa mbu ni nchi mbili. Kimelea cha malaria hukua tumboni mwa mbu kwa joto. Kwenye joto la nyuzi 25 humaliza kazi yake kwa siku kumi na kitu, na chini ya nyuzi 16 hivi hakikui kabisa. Mbu wa mlimani aweza kuuma usiku kucha asimwambukize mtu, kwa kuwa hufa kabla kimelea hakijakomaa. Wa mifereji ya vitunguu hana shida hiyo. Aina iliyozoea mahali kama hapo, Anopheles arabiensis, hupenda vidimbwi vyenye jua, humuuma mtu na ng'ombe bila ya ubaguzi, na mara nyingi huuma nje ya nyumba, jioni, watu wakiwa bado wanazungumza. Chandarua kitandani hakimzuii mbu anayemkuta mtu barazani.

Anayeumia zaidi katika mpango huu ni mtu wa juu. Aliyekulia Mang'ola na akasalimika utotoni amejenga kinga fulani. Aliyekulia Oldeani au Mbulumbulu hana, na anaposhuka kwenda kibarua cha kuvuna vitunguu, hurudi kwao na homa ambayo mwili wake hauijui. Washambaa wa Koch walikuwa wanasimulia jambo hilohilo.

Sasa msomaji na amfikirie mshauri wa afya anayepangiwa eneo hili. Amesomea wadudu na takwimu. Anakuta Wairaki, ambao lugha yao ni ya Kikushi. Wadatoga na Wamaasai, ambao lugha zao ni za Kiniloti lakini hawasikilizani. Wahadzabe wa pembezoni mwa Eyasi, ambao lugha yao haijathibitika kuwa na ndugu popote duniani. Na Kiswahili, cha Kibantu, kilichowekwa juu ya zote hizo kama mkeka. Ujumbe wa wizara huja kwa Kiswahili. Mhudumu wa afya wa kijiji huusoma, huuvunja vipande, huujenga upya kwa lugha ya mama yake, na kilichojengwa ndicho watu watakachokifuata. Mshauri hana namna ya kukihakiki isipokuwa aombe kirudishwe kwa Kiswahili, asikilize kimerudi na umbo gani. Wenye busara hufanya hivyo kila mara. Hushangaa pale sentensi iliyotoka ikisema "lala ndani ya chandarua" inaporudi ikisema "mlaze mtoto ndani ya chandarua", na baba amebaki nje.

Na hilo ni jepesi. Zito ni neno homa lenyewe.

Kwa miaka mingi mafundisho yote yalikuwa kwamba mtoto mwenye homa apewe dawa ya malaria mara moja, asingojewe. Zilipokosekana maabara, mafundisho hayo yaliokoa watoto wengi, na si haki kuyacheka leo. Lakini yaliacha nyuma yao mlingano: homa ni malaria. Mama humfikisha mwanawe zahanati akasema, "Daktari, huyu ana malaria." Hasemi ana homa.

"Tumpime kwanza, mama."

Kipimo cha haraka, kile cha tone la damu, kimeenea katika zahanati za Tanzania tangu mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, na tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limeagiza kila anayeshukiwa apimwe kabla ya kupewa dawa. Kipimo kinatoka mstari mmoja. Hana malaria.

"Kama si malaria, basi ni nini?"

Hilo swali ndilo linalomkosesha mshauri usingizi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulichungua wagonjwa 4,474 waliotibiwa malaria kali katika hospitali kumi za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Wenye vimelea katika damu walikuwa asilimia 46 tu. Mwingine ulifanyika Moshi mwaka 2007 na 2008 kwa wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Zaidi ya nusu, asilimia 60.7, waliandikiwa malaria. Waliokuwa nayo kweli walikuwa asilimia 1.6. Waliosalia walikuwa na mengine, na miongoni mwa hayo mengine kulikuwa na homa zinazotokana na kupe, na panya, na ng'ombe na mbuzi, maradhi ambayo hayakuwa katika mawazo ya yeyote wakati mgonjwa anapokelewa. Moshi si Karatu. Ila ni kaskazini hiyohiyo, na mifugo ileile inayolala karibu na watu.

Hayakushukiwa, na sababu moja ni kwamba hayakuwa na majina. Daktari alikuwa na jina la Kilatini kitabuni. Mama hakuwa na chochote. Na hapa ndipo wapenzi wa lugha wanapopaswa kukaza masikio, maana Waswahili na jirani zao wamewahi kuwa hodari mno katika fani hii. Homa inayovunja viungo iliyozuka uwanda wa Makonde, upande wa Newala, mwaka 1952, ilipata jina kwa Kimakonde, chikungunya, kwa namna inavyompinda mtu. Na dunia nzima ikalichukua jina hilo bila ya kulitafsiri. Nusu karne na zaidi kabla ya hapo, James Christie, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Unguja, aliandika juu ya homa iliyopita visiwani mwaka 1823 na tena mwaka 1870, ambayo wenyeji waliiita kidingapopo. Baadhi ya wataalamu husadiki kwamba neno dengue limezaliwa humo, ingawa wengine huona kwamba homa ile ilikuwa chikungunya yenyewe. Na juzi juzi tu, mwaka 2022, homa ya ajabu ilipozuka Lindi, serikali iliitangaza kwa jina la homa ya mgunda, yaani homa ya shamba. Ni jina zuri. Mkulima akilisikia anajua pa kuangalia. Laiti kila homa ya kupe ingepata msemaji wa namna hiyo.

Papasi, kwa mfano, tunu ya lugha, limekuwepo zamani: kupe wa nyumbani anayekaa katika nyufa za sakafu ya udongo na kumletea mtu homa inayorudi na kurudi. Mzee anayejua neno papasi ameshajua nusu ya tiba.

Ngorongoro ilionja gharama ya kukosa jina mwanzoni mwa 2007. Mvua za mwisho wa 2006 zilikuwa za El Niño. Katika mabonde ya nyasi kuna mbu wa aina ya Aedes ambao mayai yao hukaa udongoni makavu kwa miaka, mengine yakiwa tayari yamebeba virusi kutoka kwa mama yao. Maji yakituama, huanguliwa kwa pamoja. Wataalamu waliokuwa wakisoma picha za setilaiti walitangulia kuonya, kati ya wiki mbili na sita kabla. Kenya ikapatwa mwezi wa Desemba, na Januari ikafika Ngorongoro: ng'ombe na kondoo wakitupa mimba, ndama wakifa, kisha wachungaji wenyewe wakishikwa na homa, na baadhi wakitokwa na damu. Ni Homa ya Bonde la Ufa, iliyotambuliwa kwa mara ya kwanza karibu na Naivasha na kuelezwa mwaka 1931. Kufikia Juni 2007 mikoa kumi ya Tanzania Bara ilikuwa imeripoti watu 511 walioshukiwa, na 144 walikuwa wamekufa.

Ujumbe uliotolewa ulikuwa sahihi kwa kila neno. Msichinje mnyama mgonjwa. Msile mzoga. Chemsheni maziwa. Msinywe damu. Mtu wa mjini huusoma akaona hapo hapana kigumu. Lakini msomaji na ajaribu kuusikia ukisomwa ndani ya boma, mbele ya mzee ambaye kwake maziwa na damu si vyakula tu bali ni tohara, arusi na baraka, na ambaye ng'ombe aliyeumwa huchinjwa mapema kwa kuwa akifa ni hasara tupu. Ujumbe uliomwambia mbu ndiye mwanzo, lakini damu ya mnyama ndiyo njia kubwa ya kumfikia mtu, ulikuwa na viungo viwili, na katika tafsiri kiungo kimoja huanguka kwa urahisi. Likibaki "mbu", watu huomba vyandarua na kuendelea kuchinja. Likibaki "maziwa", huona wanashutumiwa kwa kuwa wao ni wafugaji. Wamaasai wana sababu zao za kuwa wepesi wa kuhisi shutuma.

Wanyama nao wanalo somo lao. Mwaka 1962, baada ya mvua nyingi kupita kiasi, nzi wadogo wanyonyao damu walifurika ndani ya kreta. Simba waliokuwa zaidi ya sitini walibaki kiasi cha kumi. Wazee wafugaji wanaokumbuka habari hiyo huhitaji maelezo machache kuliko wanafunzi wa chuo juu ya uhusiano wa mvua, wadudu na maradhi.

Tangu Juni 2022 familia kadhaa zimehamishwa kutoka Ngorongoro kwenda Msomera, wilaya ya Handeni, mkoa wa Tanga. Mabishano juu ya uhamisho huo ni makubwa na yana mahali pake. Kwa mshauri wa malaria kuna jambo moja lisilobishaniwa: watu waliozaliwa kwenye baridi ya mita elfu mbili wameteremka nchi ya chini na ya joto, pamoja na watoto wao wachanga na wake zao wajawazito, bila ya kinga ya wenyeji. Usambara iko mkoa huohuo. Mhudumu wa afya anayezungumza Kimaasai anahitajika pale kuliko shehena ya mabango, na anahitajika awe amekwisha kufundishwa kurudisha ujumbe kwa Kiswahili, ili asikike ameupeleka vipi. Katika daftari la zahanati, mstari wa mtoto aliyepimwa husomeka: homa, kipimo hasi. Baada ya hapo kuna safu ya jina la ugonjwa, na mama yake angali amesimama mlangoni.