Yaliyoandikwa Kunduchi Yasomwe Kunduchi

Kunduchi, pwani ya Dar es Salaam, tuna bahati ambayo vijiji vingi vya wavuvi havina. Tangu utotoni mwangu, watafiti wa bahari wamekuwa majirani zetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na kituo chake cha sayansi ya bahari hapa hapa, na baada ya sheria ya mwaka 1980 kuunda Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, nayo ikawa jirani yetu. Asubuhi ngalawa zikirudi, vijana wenye mizani, rula na madaftari walishuka mnadani wakiomba kupima samaki kabla hawajauzwa. Baba, aliyekuwa nahodha, aliwakubalia. Aliwatajia jina la samaki, aina ya wavu na upepo uliovuma usiku ule. Wao waliandika, wakashukuru, wakaondoka. Yaliyoandikwa yalikwenda wapi? Swali hilo nimeishi nalo hadi leo nikiwa mwalimu wa jiografia, na katika miaka hiyo jibu lake limebadilika mbele ya macho yangu.

Nyumbani kwetu elimu ya bahari haikuwa na kitabu. Mtoto aliijua kwa kufuatana na wakubwa: kusi linaanza lini kuvuma na kaskazi lini, bamvua ni siku zipi za mwezi na maji mafu ni zipi, jarife litegwe wapi maji yakianza kupwa. Elimu hiyo ilikuwa na milango miwili. Mlango mmoja ulifungwa. Baba alikuwa na fungu lake la samaki upande wa nje wa kisiwa cha Mbudya, na alilipata kwa kuoanisha mnazi mmoja wa ufukweni na kilima cha Wazo. Alama hizo hakumpa mtu asiye wa chombo chake, kwa kuwa ndizo zilizotulisha. Mlango wa pili haukufungwa kamwe. Nahodha akiona wingu baya au mkondo usio wa kawaida, alimpigia kelele kila aliyekuwa majini, hata yule waliyegombana naye jana mnadani. Siri ya riziki ilifichwa, habari ya roho haikufichwa. Nimeyapima mengi ya dunia kwa sheria hiyo ya wazee, na sijaona inayoishinda.

Kizazi cha wazazi wangu kilionja pia elimu iliyotolewa kwa wote bila malipo. Mwaka 1973 Serikali iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, na watu wapatao milioni mbili nchi nzima walikusanyika katika vikundi kuzunguka redio. Walisikiliza kipindi, kiongozi wa kikundi akasoma kijitabu, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi ya mbu. Mama alikuwa katika kikundi kimojawapo. Hadi uzee wake aliweza kueleza jinsi malaria inavyoambukizwa, hatua kwa hatua, kwa Kiswahili safi, ingawa darasani hakukaa miaka mingi. Kila nilipomsikiliza niliona kwamba jambo la kitaalamu likitamkwa kwa lugha ya mtu, hulishika na kulitumia maisha yake yote.

Nilipofika sekondari nilianza kwenda mjini, Maktaba Kuu ya Taifa, ile iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967. Safari ya kutoka Kunduchi hadi Posta ilikuwa ndefu na ya kugombania usafiri, lakini nikiingia katika ukumbi ule wa kusomea nilisahau uchovu. Nilisoma habari za bahari kwa pupa. Vitabu nilivyovipata vilinifundisha kuhusu Atlantiki, Bahari ya Kaskazini na samaki wa bahari zenye baridi. Kuhusu bahari iliyopiga mlangoni kwetu sikupata kitu, na nilijua kwa macho yangu kwamba iliandikwa kila wiki.

Wakati huo huo ufuko wetu ulikuwa ukiliwa. Wanaosafiri barabara ya Bagamoyo wanakijua kituo cha Africana. Jina hilo linatokana na Hoteli ya Africana, ambayo bahari iliibomoa. Upande wetu nako mawimbi yalisogea mwaka hadi mwaka, minazi ikaanguka, watu wakahamisha nyumba. Wazee walisema bahari imekasirika. Wengine walitaja dhambi za vijana na baruti iliyopigwa kwenye miamba. Watu walisoma dua ufukweni, nami nilikuwa miongoni mwao.

Miaka ya tisini, nikiwa mwalimu kijana, mwanafunzi mmoja wa chuo aliyepanga chumba mtaani kwetu aliniazima ripoti iliyopigwa chapa kwa mashine. Niliisoma usiku kucha. Ilieleza kwamba mchanga wa ufuko haukai mahali pamoja. Mito yetu midogo, Tegeta, Mbezi na mingineyo, huuleta kutoka bara, kisha mawimbi ya msimu wa kusi huusukuma kuelekea kaskazini kando ya pwani. Ufuko unaishi kwa kupokea mchanga mpya badala ya ule unaoondoka. Jiji lilipopanuka, malori yakazoa mchanga mitoni kwa ajili ya ujenzi, na ufuko ukakosa chakula chake. Nilifunga kurasa zile mikono ikitetemeka. Malori yale tuliyaona yakipita kila siku. Baadhi ya vijana wetu ndio waliokuwa wapakiaji. Jibu lilikuwepo, limeandikwa na watu waliokunywa chai kwenye vibanda vyetu, na kijiji kizima hakikuwa nalo.

Nilikwenda ofisi moja kuomba nakala ya ripoti za namna hiyo kwa ajili ya wanafunzi wangu. Niliambiwa nilete barua. Niliipeleka barua, nikaambiwa ripoti ni za ndani. Makala zilizokuwa zimechapishwa katika majarida ya Ulaya ziliuzwa kwa fedha za kigeni, na bei ya moja ilikuwa nzito kwa mshahara wa mwalimu. Kwa hiyo samaki wa baba walipimwa Kunduchi, habari zao zikasafiri hadi Ulaya, na mtu wa Kunduchi aliyezitaka alipaswa kuzinunua.

Mwaka 2002 mambo mawili yalitokea, moja mbali na jingine karibu. Mwezi Februari, wanazuoni waliokuwa wamekutana Budapest, Hungaria, walitoa tamko kwamba matokeo ya utafiti yawekwe kwenye intaneti ayasome yeyote bila malipo. Mwaka huo huo, jumuiya ya wanasayansi wa bahari ya magharibi mwa Bahari ya Hindi, WIOMSA, yenye makao yake Zanzibar, ilianzisha jarida lake kuhusu bahari hii yetu, kuanzia Somalia hadi Afrika Kusini na visiwa vyake. Baadaye makala zake zikapatikana bure mtandaoni. Mwaka 2003 ikaanza Wikipedia ya Kiswahili, inayoandikwa na watu wa kujitolea. Wakati huo sikuwa na habari ya lolote kati ya hayo.

Kisha ikaja Jumapili ya tarehe 26 Desemba 2004. Karibu saa kumi alfajiri kwa saa zetu, ardhi ilitikisika chini ya bahari karibu na Sumatra, Indonesia, kwa ukubwa wa 9.1. Mitambo ya dunia ililiona tetemeko lile ndani ya dakika chache. Mawimbi ya tsunami yalihitaji saa nyingi kuvuka Bahari ya Hindi, na yalifika kwetu mchana, wakati fukwe za Dar es Salaam zimejaa vijana wa sikukuu. Wavuvi waliorudi siku ile walisema maji yalipwa na kujaa nje ya wakati wake, mara kwa mara, jambo ambalo hata wazee hawakuwahi kuliona. Tanzania ilipoteza watu wasiopungua kumi, wengi wao waogeleaji. Kenya, ambako habari iliwahi kusikika na watu wakaondolewa ufukweni, ilikuwa na kifo kimoja.

Hesabu ya saa zile sijaisahau. Tangu alfajiri hadi mchana habari ya roho ilikuwepo duniani, imeandikwa, imepimwa, ina namba. Hapakuwa na njia ya kuifikisha kwa kijana aliyekuwa akivua viatu mchangani. Hakuna aliyeificha kwa ubaya. Dunia ilikuwa imezoea kuamini kwamba maarifa ya wataalamu yanawatosha wataalamu, na nchi zinazoizunguka Bahari ya Hindi hazikuwa na mfumo wa kupeana tahadhari kama ule wa Pasifiki. Wazee wa Kunduchi, kwa sheria yao ya kupigiana kelele majini, walikuwa wameitangulia dunia hiyo kwa mbali.

Baada ya msiba ule mfumo ulijengwa. Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulizinduliwa Dar es Salaam na intaneti yetu ikaanza kuacha kutegemea setilaiti za gharama kubwa. Simu zenye intaneti zikafika hadi mnadani. Tarehe 11 Aprili 2012 tetemeko la ukubwa wa 8.6 lilitokea tena karibu na Sumatra, mchana wa siku ya kazi, na safari hii tahadhari ilitolewa kwa Bahari ya Hindi nzima. Nilikuwa darasani. Walimu walianza kupokea ujumbe, tukawazuia watoto wasishuke pwani, na wavuvi walipigiwa simu na ndugu zao. Mawimbi makubwa hayakuja, kwa sababu bamba la ardhi liliteleza kwa ubavu badala ya kuinua maji. Jioni ile nililifundisha jambo hilo kwa maelezo niliyoyapata kwenye simu, bila kuomba barua kwa mtu.

Mei 2024 kilikuja kimbunga Hidaya, kilichofika pwani yetu karibu na Mafia. Siku kadhaa kabla, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa ikitoa taarifa moja baada ya nyingine, kwa Kiswahili, redioni na kwenye simu: kiko umbali gani, kina upepo wa kasi gani, kinaelekea wapi. Vijana walizisoma kwa sauti, manahodha wakazilinganisha na wingu walilolijua, wakakubaliana. Vyombo vikavutwa juu. Taarifa zile zilikuwa na mambo manne pamoja: zilikuwa wazi, hazikuuzwa, zilikuja kwa wakati, na zilikuwa katika lugha yetu. Mwenye kuzipokea hakuhitaji mkalimani wala mfadhili.

Utafiti wa samaki wetu umefika nusu ya safari hiyo. Leo nikiwa nimeketi kwenye benchi la mchuuzi, naweza kufungua makala kuhusu samaki wa pwani hii na kuisoma yote. Hii ni neema ambayo nikiwa kijana nisingeiamini. Lakini makala hiyo imeandikwa kwa Kiingereza. Jioni moja nilimfafanulia nahodha mmoja makala juu ya urefu ambao samaki huwa nao anapokomaa kuzaa kwa mara ya kwanza. Alisimama, akamchukua changu kutoka kwenye ndoo, akampima kwa kiganja.

"Mwalimu, kwa hiyo huyu hajawahi kutaga?"

"Hajawahi, baba."

"Na sisi tunawatoa hivi hivi kila siku."

Akawaita wenzake. Mazungumzo yakawa marefu: tundu la wavu liwe la ukubwa gani, nani atakubali kuanza, dagaa wavuliwe vipi. Mzee mmoja akaongeza jambo lisilokuwemo katika makala, kuhusu mwezi ambao changu wenye mayai hukusanyika kwenye miamba. Nikaona jinsi elimu inavyonenepa ikirudi ilikotoka. Mtafiti angekuwepo pale angeandika ukurasa mpya.

Novemba 2021, mjini Paris, Mkutano Mkuu wa UNESCO ulipitisha maamuzi mawili ninayoyapenda sana. La kwanza ni pendekezo kwamba sayansi iwe wazi kwa watu wote duniani. La pili ni kuitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Mkutano ulikuwa mmoja, na kwetu Kunduchi maamuzi hayo ni mamoja pia. Sayansi iliyo wazi kwa Kiingereza peke yake inamfungulia mlango mwalimu na kumwacha nahodha barazani. Kiswahili cha sherehe na nyimbo peke yake hakimwambii nahodha kwa nini changu wamepungua.

Kwa upande wa sheria, nchi yetu ina Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa raia haki ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa umma na kumtaka mwenye nazo ajibu ndani ya siku 30. Nawafundisha wanafunzi wangu kuandika barua ya maombi kwa mujibu wa sheria hiyo, kama ninavyowafundisha kusoma ramani. Lakini haki ya kuomba si sawa na desturi ya kutoa. Anayeomba lazima kwanza ajue kwamba kitu kipo, na kijiji chetu kwa miaka mingi hakikujua.

Ombi langu kwa taasisi zote zinazofanya utafiti pwani hii ni dogo na linatekelezeka. Kila kazi inayopimwa katika mnada wa Kunduchi, au wa Bagamoyo, Kilwa, Tanga na Unguja, iambatane na ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi unaoeleza kilichoonekana na kinachopendekezwa. Ukurasa huo uwekwe mtandaoni bure, usomwe kwenye mkutano wa wavuvi, ubandikwe ukutani mnadani kwa wasio na bando. Wafadhili wauweke katika masharti yao, na vyuo viuhesabu kuwa sehemu ya kazi ya mwanazuoni. Waliotoa samaki wao wapimwe wana haki ya kujua vipimo vilisema nini, na katika bahari inayobadilika kwa joto na vimbunga, vipimo hivyo vimekuwa habari ya roho. Kwa sheria ya wazee wetu, habari ya namna hiyo haifichwi wala haiuzwi, na hutolewa kwa lugha anayoisikia aliyeko majini.